Sukari ya Mgonjwa Anayesafishwa Damu: Mambo Ambayo Imamu Huulizwa

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kila inapokaribia Shaabani, maswali ya funga huanza kuwafikia maimamu, na kuna moja ambalo limeongezeka tangu vituo vya kusafisha damu vilipoanza kuenea katika miji yetu. Muulizaji husema hivi: Sheikh, baba yetu ana kisukari kwa miaka ishirini. Figo zimekufa, sasa anawekwa kwenye mashine mara mbili au tatu kwa wiki. Lakini Alhamdulillah sukari yake imeshuka, ni 5 au 6 tu, na hata sindano za insulini zimepunguzwa. Je, mwaka huu afunge?

Swali linaonekana jepesi, na jibu jepesi lipo karibu: ikiwa sukari imetulia, na mwenyewe anataka kufunga, basi na afunge. Jibu hilo linaweza kumuua mtu. Kwani kwa mgonjwa wa aina hii sukari kushuka si dalili ya kupona hata kidogo, na mara nyingi ndiyo hatari yenyewe. Fiqhi ya mgonjwa haiwezi kusimama mpaka ijulikane hali ya mgonjwa, na maulamaa wetu siku zote wamemrudisha muulizaji kwa tabibu mwaminifu katika mambo haya. Kwa hiyo tutaeleza kwanza sukari inavyokwenda katika mwili usio na figo, kisha tutarudi kwenye hukumu.

Maradhi yaliyohesabiwa kuwa ya figo

Matabibu wa kale waliyajua maradhi haya kwa jina la Kiyunani, na Waarabu wakalitamka diyabita. Maana yake inahusu kitu kinachopitisha maji moja kwa moja, kwa sababu mgonjwa hunywa na kukojoa bila ya kukoma. Galen, tabibu wa zama za Warumi, aliyahesabu kuwa ni udhaifu wa figo, na akasema kwamba katika maisha yake yote aliwaona wagonjwa wawili tu. Matabibu wa Kiislamu waliomfuata walikuwa na mengi zaidi ya kusema. Mmoja wao ni Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyezaliwa Baghdad mwaka 557 Hijria na kufariki huko huko mwaka 629, sawa na 1231 Miladia. Huyu alisoma fiqhi na hadithi kabla ya kuingia katika utabibu, akasomesha katika Azhar, na katika vitabu vyake akaacha risala maalumu juu ya diyabita. (Wanafunzi wetu wanaodhani kuwa elimu ya dini na elimu ya mwili ni nyumba mbili zisizo na mlango kati yao, wasome maisha ya mtu huyu.)

Mwaka 1889 huko Strasbourg, Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho akashikwa na kisukari, na hapo ikadhihiri kuwa chanzo kiko kwenye kongosho. Januari 1922 kijana wa miaka 14 mjini Toronto akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini. Figo zikatoka katika habari ya chanzo, zikabaki katika habari ya madhara: sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya kuchujia, na leo katika nchi nyingi kisukari ndicho sababu ya kwanza ya figo kufa.

Mashine ya kusafisha damu ilitengenezwa na tabibu Willem Kolff mwaka 1943 katika mji wa Kampen, Uholanzi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, Belding Scribner akapata njia ya kumuunganisha mgonjwa na mashine mara kwa mara, wiki baada ya wiki. Mashine zilikuwa chache, ikabidi watu wachaguliwe, na wenye kisukari walikuwa wakiachwa nje kwa kudhaniwa kuwa hawataishi muda mrefu hata wakisafishwa. Ndiyo maana elimu ya kuiongoza sukari ya mtu aliye kwenye mashine ni changa kuliko watu wanavyodhani, na baadhi ya mambo yake bado madaktari wanayachunguza.

Figo zinavyoingia tena katika habari

Insulini ni homoni inayoisukuma sukari kutoka katika damu kwenda kwenye misuli na viungo vingine. Ikishafanya kazi yake lazima ivunjwe. Ini huvunja sehemu kubwa ya ile inayotoka kwenye kongosho, na figo huvunja theluthi hivi. Lakini insulini ya sindano inaingia chini ya ngozi, haipiti kwanza kwenye ini, hivyo mzigo wa kuivunja huangukia figo zaidi. Figo zikifa, insulini aliyochomwa mgonjwa asubuhi bado inazunguka jioni, na ya jioni inaikuta ya asubuhi haijamalizika.

La pili ni hili, na ndilo wengi hawalijui. Mtu anapokaa na njaa mwili wake hutengeneza sukari kutokana na akiba yake ili ubongo usikose chakula. Kazi hiyo hufanywa na ini, na figo nazo huchangia, hasa njaa inapokuwa ndefu. Mtu ambaye figo zake zimekufa amepoteza ghala moja katika maghala mawili. Akikaa saa kumi na tatu bila ya kula, sukari ikianza kuteremka, hakuna wa kuinyanyua ila ini peke yake, nalo huenda limechoka au halina akiba kwa kuwa mgonjwa hana hamu ya chakula.

Ukiongeza na hilo la kukosa hamu, kukonda, na kichefuchefu cha sumu za damu, utaelewa kwa nini sukari ya mzee yule ilishuka yenyewe. Wagonjwa si wachache wanaofika hali ya kuacha dawa za sukari kabisa baada ya figo kufa. Familia hufurahi. Wengine husema ni dawa fulani ya mitishamba iliyoponya, na wapo wanaosimama msikitini kutoa shukrani kwamba kisukari kimeondoka. Kumshukuru Mwenyezi Mungu ni wajibu katika kila hali, lakini imamu ajue kuwa kilichoondoka hapo ni figo.

Kwa sababu hiyo madaktari hupunguza insulini kadiri figo zinavyodhoofika: kwa kawaida kiasi cha robo zinapokuwa zimedhoofika sana, na kufikia nusu pale zinapokuwa zimekufa. Vidonge navyo hubadilika. Metformini, ambayo karibu kila mwenye kisukari ameimeza, hairuhusiwi kwa aliye kwenye mashine, kwa kuwa hujikusanya mwilini na inaweza kuitia damu asidi. Glibenklamaidi, kidonge cha bei nafuu kinachojulikana na wengi kwa jina la Daonil, ni cha kuogopwa zaidi katika habari yetu: mabaki yake yenye nguvu hutolewa na figo, na figo zikiwa hazipo yanaweza kuishusha sukari kwa siku mbili au tatu mfululizo, mgonjwa akainuka na kuanguka tena. Vipo vidonge vingine, kama glipizaidi na linagliptini, vinavyofaa zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba mgonjwa asirithi vidonge vya jirani, wala asirudie cheti cha zamani cha duka la dawa kilichoandikwa kabla ya figo kufa. Na asijipunguzie wala kujiongezea insulini kwa rai yake. Hilo ni la daktari wake.

Siku ya mashine

Kwa kawaida mgonjwa husafishwa mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne hivi. Kwetu wengi huishia mara mbili kwa sababu ya gharama. Damu hupita upande mmoja wa utando, na maji maalumu ya dawa hupita upande wa pili. Maji haya siku hizi huwekwa sukari ndani yake, mara nyingi kiasi cha 5.5, ambacho ni sawa na sukari ya mtu mzima aliyefunga. Maana yake ni nini? Mgonjwa akiingia na sukari ya 15, sukari hutoka katika damu kwenda kwenye maji mpaka zikaribiane. Maji yakiwa hayana sukari kabisa, damu hunyang'anywa sukari yake, na wagonjwa wengi huanguka. Vilevile sehemu ya insulini ya damuni hunasa kwenye utando, kwa hiyo baadhi yao sukari huja kupanda saa chache baada ya kutoka kwenye mashine, hasa wakila mlo mkubwa kwa njaa ya siku nzima.

Lakini kwa wengi usiku wa siku ya mashine, na siku inayofuata, sukari huwa chini kuliko siku nyingine. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa kwa wagonjwa 10, ulionyesha kuwa insulini ya msingi iliyohitajika siku baada ya kusafishwa ilipungua kwa robo ikilinganishwa na siku iliyotangulia kusafishwa. Wagonjwa kumi ni wachache, ila jambo lenyewe linaafikiana na yale ambayo wauguzi wa vitengo hivi huyaona kila wiki. Basi mgonjwa anayechoma dozi ile ile kila siku bila ya kutazama siku ya mashine anajiweka hatarini.

Kipimo kinachodanganya

Hospitalini kuna kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi mitatu, kinachoitwa HbA1c, na majibu yake hutolewa kwa asilimia. Kipimo hiki kinategemea sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo kwa mtu mwenye afya huishi kiasi cha siku 120. Kwa aliyekufa figo chembe hizo hufa mapema. Tena yeye huchomwa sindano za kuongeza damu, zinazoleta chembe mpya ambazo hazijapata muda wa kushikwa na sukari, na mara nyingine huongezewa damu ya mtu mwingine. Matokeo yake kipimo husoma chini kuliko ukweli. Anayeambiwa asilimia 6 huenda kwa hakika yuko 7 au zaidi.

Kwa hivyo madaktari wengi hawamtaki mgonjwa huyu afukuzie asilimia 6 kama anavyofukuzia kijana mwenye figo nzima. Wengi huridhika na asilimia 7 hadi 8, kwa sababu imeonekana kuwa wanaokaa chini sana na wanaokaa juu sana wote hufa zaidi kuliko walio katikati. Kipimo cha kidole, kwa kutoboa na kusoma papo hapo, ndicho kinachosema kweli zaidi, na kinahitajika mara kadhaa kwa siku, hasa kabla ya kuingia mashine, baada ya kutoka, na kabla ya kulala.

Asije mtu akafahamu kuwa tunasema sukari ya juu haina neno. Ina madhara yake, ila hapa inakuja kwa sura nyingine. Mwenye figo nzima sukari ikipanda hukojoa sana, na kwa mkojo ule hujua. Huyu hakojoi, au hukojoa tone. Sukari ikipanda anachokipata ni kiu, na kiu kinamsukuma anywe, na maji hayana pa kutokea. Yanakaa mwilini, miguu inavimba, presha inapanda, yanaingia mapafuni, na anakuja kwenye mashine na kilo nne au tano za maji zaidi, akihema. Potasiamu nayo hupanda damuni, nayo inaweza kuusimamisha moyo. Muuguzi anayemlaumu mgonjwa kila siku kwa kunywa maji mengi angeanza kwa kumpima sukari.

Sukari inaposhuka usiku

Sukari ikiwa chini ya 3.9 imeshuka. Dalili zinazojulikana ni kutetemeka, jasho, njaa na moyo kwenda mbio. Kwa mgonjwa wa miaka mingi mishipa ya fahamu imeharibika, na baadhi ya dawa za presha huficha mtetemeko na mapigo ya moyo, hivyo dalili za kwanza hazitokei. Kinachoonekana ni akili kubadilika: anasema maneno yasiyoeleweka, anakasirika bila sababu, anamkataa mkewe, anakodoa macho, anapiga kelele, kisha anazimia.

Hapa nawaomba maimamu na wasomaji wa ruqya wanisikilize. Hali kama hii ikitokea saa saba za usiku, jambo la kwanza linalomjia mtu ni jini. Sheikh anaitwa, anasoma kwa saa mbili, na ubongo unakaa bila ya chakula chake kwa saa mbili hizo. Kisomo hakikatazwi na mtu. Lakini aliyeitwa kwa mgonjwa wa kisukari, na hasa anayesafishwa damu, aulize kwanza: sukari imepimwa? Ikiwa hakuna kipimo nyumbani na mgonjwa anaweza kumeza, apewe sukari kwanza. Ikiwa ilikuwa juu, kijiko hicho hakitamzidishia madhara makubwa. Ikiwa ilikuwa chini, kimemwokoa.

Apewe nini? Vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari, vikorogwe katika maji kidogo sana kwa sababu maji kwake ni mzigo, au glukosi ya dukani, au kijiko cha chakula cha asali. Apimwe tena baada ya dakika 15, na ikiwa haijapanda arudiwe. Akishazinduka ale kitu chenye wanga, na daktari aelezwe, kwani kwa aliye na figo zilizokufa sukari inaweza kuteremka tena baada ya saa chache. Akiwa amezimia asitiwe kitu mdomoni, kinaweza kuingia mapafuni, akimbizwe hospitali.

Tende na madafu tunavyovipenda vina potasiamu nyingi, na vivyo hivyo juisi ya machungwa na ndizi. Mgonjwa huyu hawezi kuitoa potasiamu mpaka siku ya mashine. Ni kweli kwamba mtu anayekufa kwa kukosa sukari na mbele yake hakuna ila tende, apewe tende. Lakini kuziweka karibu na kitanda ziwe ndiyo dawa yake ya kila siku ni kumtoa katika hatari moja na kumtia katika nyingine. Asali haina tatizo hilo kwa kiasi cha kijiko.

Wapo pia wanaosafishwa kwa njia ya tumbo. Maji ya dawa huingizwa katika uwazi wa tumbo kwa mpira, yakakaa saa kadhaa, kisha yakatolewa. Maji haya yana sukari nyingi makusudi, ili yavute maji ya mwilini, na mgonjwa hunyonya kutoka humo kiasi cha gramu 100 au zaidi za sukari kwa siku bila ya kula chochote. Huyu sukari yake hupanda na huhitaji insulini zaidi. Aina moja ya maji hayo haina glukosi bali ina kitu kiitwacho aikodekstrini, na baadhi ya mashine ndogo za kidole hukisoma kana kwamba ni sukari. Mgonjwa huonekana yuko 14 kumbe yuko 3, akachomwa insulini. Watu wamekufa kwa kosa hili, na mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake. Anayetumia maji hayo aulize kituoni kwake ni mashine gani ya kidole inayofaa.

Hukumu ya funga

Maulamaa wamehitilafiana kama kusafisha damu kunabatilisha funga. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia imesema kunabatilisha, kwa kuwa damu hurudi ikiwa imetiwa sukari, chumvi na vinginevyo. Wengine wanasema mashine ya mshipani haibatilishi, kwa kuwa si njia iliyo wazi ya kufikia tumboni, na hoja hii ina nafasi katika misingi ya madhehebu yetu ya Shafi. Majmaa al-Fiqhi al-Islami, katika kikao chake cha kumi mjini Jeddah mwaka 1997, iliyapitia mambo mengi ya tiba na funga lakini hili la figo ikaliahirisha. Ama kusafisha kwa njia ya tumbo, mwenye kusoma vitabu vya Shafi juu ya dawa inayopitishwa kwenye jeraha ikafika ndani ya tumbo ataona kuwa upande wa kubatilika ndio wenye nguvu, mbali na sukari inayolisha mwili.

Kwa mgonjwa wetu, hata hivyo, ikhtilafu hii haina athari kubwa, kwani suala lake limekatwa mahali pengine. Mwaka 2009 huko Sharjah, Majmaa hiyo hiyo ilitoa azimio namba 183 juu ya kisukari na funga ya Ramadhani, baada ya kushauriana na madaktari. Wagonjwa waligawanywa makundi manne. Katika kundi la kwanza, lile la hatari kubwa kabisa iliyothibitishwa kitabibu, wametajwa waziwazi wenye kisukari wanaosafishwa figo. Hukumu ya kundi hilo na la pili ni kwamba wanatakiwa kula, na haijuzu kwao kufunga, kwa kuzuia madhara. Hukumu hii haikuwekewa sharti la siku ya mashine; siku zisizo za mashine nazo zimo, na sababu yake tumekwisha kuiona: ghala limebaki moja, na insulini haivunjiki.

Wazee wengi huona unyonge kuambiwa hivyo. Mtu aliyefunga miaka hamsini hataki kuonekana anakula mchana, na wengine hufunga kwa siri, wakaificha familia na kituo. Kwa hawa neno la imamu lina uzito kuliko la daktari. Waambiwe kwamba ruhusa ya mgonjwa imo katika aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara, aya zile zile zilizoifaradhisha funga.

Kwa kuwa maradhi haya hayatarajiwi kupona, juu yake ni fidia ya kibaba kimoja kwa kila siku, katika chakula kikuu cha mji: vibaba 29 au 30 vya mchele au unga kwa mwezi, wapewe mafukara na masikini. Anayepata figo ya kupandikizwa, kama inavyofanyika Muhimbili tangu mwaka 2017, hali yake imebadilika na suala lake liangaliwe upya na daktari wake, kisha na mwanachuoni.

Wallahu a'lam.